Refa wa Masijala

Mwanahawa alishika kibendera cha refa msaidizi kwa mara ya kwanza akiwa bado sekondari, na kabla hajafikisha miaka thelathini alikuwa tayari anapuliza filimbi katikati ya uwanja, kwenye mechi za ligi ya mkoa. Kisha akaolewa na Ahmadi, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha pale Kihonda, wakampata Swaumu, na mpira ukawekwa kando. Kilichobaki ni kazi yake ya mchana: masijala, katika ofisi moja ya serikali mjini Morogoro, ambako alipokea majalada, akayapanga, na mtu akilihitaji moja akalitafuta. Kazi ya kukaa. Kiti chake kilikuwa na mto mwekundu alioushona mwenyewe.

Swaumu alipoanza kukimbia uani na kuitwa mara tatu bila kuitika, Mwanahawa akajua wakati wake wa kurudi umefika. Lakini hakuna refa anayerudi kwa kutaka tu. Kuna mtihani wa mbio: kwanza mbio fupi za kasi, kisha mizunguko ya uwanja, unakimbia kipande na kutembea kipande, filimbi ikikufukuza kila mara. Alijaribu. Mizunguko haikufika nusu akaachwa nyuma, akatolewa nje, akakaa kwenye nyasi akiwatazama mabinti wadogo wakiendelea kuzunguka.

Mwalimu Raphael, mkufunzi wa marefa, ndiye aliyemfuata pale kwenye nyasi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mtu wa kutoka kule juu Mgeta, mwembamba, asiyejua kupaka maneno asali.

"Macho unayo," alimwambia. "Sheria unazijua kuliko hao wote. Mwili ndio umeuacha mahali. Nenda kauchukue, mwakani uje."

"Nitakuja, Mwalimu."

"Wengi husema hivyo."

"Mimi nitakuja," alisema Mwanahawa, akasimama na kukung'uta nyasi kwenye bukta.

Alijifunga kibwebwe kwelikweli. Asubuhi nne kwa wiki alikimbia kutoka Kihonda hadi viwanja vya chuo kule Mazimbu na kurudi, kabla ya kuoga na kwenda kazini. Jumamosi alipanda mlima au alichezesha mechi za kirafiki. Kuhusu chakula, Zainabu wa meza ya jirani pale ofisini alimwekea kwenye simu aplikesheni ya kuhesabu kalori. Unaiambia umekula nini, yenyewe inakuambia umebakiza kiasi gani kwa siku hiyo.

Jioni ile alikaa sebuleni kuijaza. Umri akaandika, urefu akaandika, uzito akauandika huku amekunja uso. Halafu likaja swali la shughuli. Mwili wako unafanya shughuli kiasi gani? Majibu yalikuwa matano, yamepangwa kama ngazi: chini kabisa mtu anayekaa muda mwingi, kisha shughuli nyepesi, kisha wastani, kisha nzito, na juu kabisa shughuli nzito mno. Chini ya kila jibu palikuwa na maandishi madogo ya kijivu ambayo hakuyasoma.

Kidole kikabaki hewani.

"Baba Swaumu," aliita, "hivi mimi nina shughuli kiasi gani?"

Ahmadi alikuwa ametoka kuoga, bado ana alama ya miwani ya kuchomelea usoni. Alicheka. "Shughuli? Wewe si unakaa ofisini kutwa nzima? Mimi ndiye mwenye shughuli hapa. Njoo unyanyue geti moja uone."

Aliyasema bila ubaya wowote, akaenda zake kumfunga Swaumu kanga. Lakini neno *unakaa* lilimkaa Mwanahawa kifuani. Aliyaona tena yale makalio yake juu ya mto mwekundu, na wale mabinti wakizunguka uwanja. Ni kweli, alijiambia, nakaa. Hata hizo mbio za asubuhi sasa aliziona kama kisingizio. Aliona kwamba kila ngazi ya juu ingempa chakula zaidi, na kupokea chakula zaidi kulikuwa ni kujidekeza. Aliyedhamiria hajidekezi. Akabonyeza jibu la chini kabisa, kisha akaiambia simu kwamba anataka kupungua haraka, kadiri inavyoruhusu.

Simu ikampa namba. Ilikuwa ndogo hata yeye alishtuka. Lakini aliikubali.

Alinunua mizani ndogo ya jikoni, akaanza kupima ugali kama mtu anayepima dawa. Maandazi ya saa nne pale ofisini akayaaga. Chai akanywa ya rangi, bila sukari. Ahmadi akipakua wali, yeye alijipakulia mchicha na kijipande cha samaki, akasukuma sahani mbali kabla haijamshawishi. Siku aliyozidisha, kesho yake alipunguza. Mzani wa bafuni ukashuka, ukashuka tena. Zainabu akampigia vigelegele pale masijala: "Jamani, umependeza! Shingo imerudi!" Mwanahawa alitabasamu. Alifurahi, asiseme uongo.

Miguu ndiyo haikufurahi. Mwanzoni alidhani ni uchovu wa kawaida. Kisha akaona njia ya Mazimbu inarefuka. Mahali alipokuwa anapita akipumua vizuri akawa anasimama kujidai anafunga kamba za viatu. Usiku alilala kama gogo na kuamka amechoka vilevile. Alijilaumu kwamba hajakaza, akakaza zaidi.

Jumamosi moja walimwita Mlali kuchezesha mechi ya kirafiki. Siku ilikuwa na wingu, milima ya Uluguru imejifunika nusu, na uwanja ulikuwa mzuri. Kipindi cha kwanza alikwenda na mchezo. Cha pili, timu ya wageni ilinyang'anya mpira karibu na lango lao na kushambulia ghafla, na Mwanahawa alipogeuka kuwafuata aliona miguu haiitiki. Aliiagiza kukimbia, ikamkokota. Mshambuliaji akaanguka ndani ya kumi na nane. Kutoka alikokuwa, nyuma kabisa, aliona migongo tu. Akapuliza penalti.

Nahodha wa wenyeji, mwanaume mzima wa kulima nyanya, alimwendea polepole, mikono nyuma. Hakupiga kelele. "Refa," alisema, "beki wangu hakumgusa. Kajikwaa mwenyewe. Ulikuwa wapi wewe?"

Mwanahawa alimwonyesha kwa mkono arudi nyuma, kama sheria inavyotaka. Penalti ikapigwa, ikaingia. Lakini njia nzima ya kurudi mjini lile swali lilimfuata, kwa sababu jibu lake alilijua. Alikuwa mbali. Refa aliye mbali anabahatisha.

Kesho yake asubuhi Swaumu alimwaga uji mkekani, na Mwanahawa akampigia ukelele ambao hakuwahi kumpigia. Mtoto akaduwaa kwanza, ndipo akalia. Ahmadi akamnyanyua, akambembeleza, akamtoa nje. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mama Swaumu, humu ndani kuna mtu mmoja ana njaa," alisema, "na sote tunaisikia."

"Sina njaa. Nina malengo."

"Vyote viwili unavyo."

Mwanahawa alichukua kitambaa akafuta uji.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Raphael aliwaita marefa wake kupanda njia ya Morningside, kwenye milima ya Uluguru. Walianzia chini, wakapandisha mdogo mdogo, huku akina mama wa mlimani wakiteremka na matenga ya kabichi na karoti vichwani, wakiwasalimia bila kusimama. Mwanahawa alipanda na Regina, binti wa miaka ishirini na miwili mwenye kasi ya swala, ambaye alikuwa akimwita dada na kumuuliza mambo ya sheria njia nzima. Hawakufika hata kwenye kona ya kwanza kubwa. Macho ya Mwanahawa yalijaa vinyota, akakaa juu ya jiwe.

"Dada, nini?"

"Nenda. Nakuja."

Regina hakwenda. Alikaa naye mpaka Mwalimu Raphael alipofika nyuma yao. Mzee akamtazama Mwanahawa machoni, akamshika kiganja na kukikuta cha baridi.

"Leo umekula nini?"

Mwanahawa, badala ya kueleza, alitoa simu na kumwonyesha. Ndani yake alikuwa na fahari kidogo. Wiki hadi wiki, hakuna siku iliyovuka namba bila kufidiwa kesho yake. Mwalimu alivaa miwani, akaitazama simu kwa mbali, akaivuta karibu, akasoma hata lile jibu la chini kabisa.

"Hiki ni chakula cha nani?"

"Changu."

"Cha siku nzima?" Akamrudishia simu. "Sikupeleki kwenye mtihani ukiwa hivi. Nisikilize vizuri. Utaangukia mikononi mwangu, na mimi sitaki. Nani kakuambia wewe ni mtu wa kukaa? Mtu anayekimbia asubuhi nne na kupanda mlima ni mwanariadha. Kiandikie hicho kidude kwamba wewe ni mwanariadha, ukale."

Akamfungulia chupa ya maji na kumpa ndizi mbili za mfukoni mwake. Mwanahawa alizila zote mbili pale pale, na haya hakuona, maana alikuwa anakaribia kulia na ndizi zilimpa kazi ya kufanya.

Aliporudi nyumbani alitii. Alifungua lile swali, akapandisha jibu kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, shughuli nzito mno. Namba ikaruka. Na kwa kuwa sasa alikuwa mwanariadha, kila alipomaliza mbio za asubuhi aliziandika nazo, simu ikamwongezea chakula kingine juu yake. Alikula. Aliurudia wali, akarudia chapati, akarudia maandazi ya saa nne, akamalizia na karanga ili kuifikia namba. Siku za kwanza ilikuwa kama sikukuu. Miguu ikapata uhai, hasira zikakatika, Swaumu akaimbiwa.

Lakini sikukuu haikuisha, na mwili ukaanza kusema. Asubuhi alikimbia tumbo likiwa bado na kazi ya jana. Suruali ya kuchezeshea ikambana kiunoni. Alipopanda kwenye mzani, sehemu kubwa ya uzito alioutoa kwa mateso ilikuwa imerudi kukaa mahali pake. Alishuka, akapanda tena, kana kwamba mzani ungebadili mawazo.

Siku hiyo nusura aifute aplikesheni. Alikuwa amekishika kile kialama chake kwa kidole, kimeanza kutikisika. Wawili wamemwambia yeye ni nani, mmoja kasema anakaa, mwingine kasema ni mwanariadha, amewatii wote wawili, na wote wawili wamempotosha. Angeweza kuacha. Angekuwa mtu wa masijala mwenye kumbukumbu nzuri za mpira. Wako wengi, na wanaishi vizuri tu.

Akaondoa kidole. Akapiga moyo konde, akatandika mkeka uani, Jumapili mchana, mtoto amelala, Ahmadi akipiga rangi geti la mteja pembeni yake. Akalifungua lile swali upya, na safari hii akavuta maandishi madogo ya kijivu karibu na uso, akayasoma yote.

Ndipo akaona kwamba swali halikumuuliza yeye ni nani. Lilimuuliza kuhusu wiki yake. Maandishi yalisema mtu ahesabu kazi yake ya mchana pamoja na mazoezi yake, achukue wiki nzima ya kawaida, wala si siku yake bora wala mbaya. Na yalisema jambo jingine lililomfanya apige paja: ukishayahesabu mazoezi ndani ya jibu, usiyaandike tena pembeni, kwa maana utakuwa umeyahesabu mara mbili. Yeye alikuwa ameyahesabu mara mbili kila siku, na kuyala mara mbili.

Basi akaipitisha wiki yake kichwani bila kumdanganya mtu. Mchana wa kazi anakaa, hilo lipo, hata kama linauma. Asubuhi nne anakimbia, na Jumamosi anapanda au anachezesha. Hilo nalo lipo, wala si kisingizio. Jumapili anapika, anafua, anambeba mtoto. Geti hanyanyui. Jembe hashiki kutwa nzima kama wale wanaolima miteremko ya juu. Hakuwa wa chini kabisa, na hakuwa wa juu kabisa. Alikuwa pale katikati, mahali ambapo hakuna wa kumsifu wala wa kumcheka. Akabonyeza wastani. Akaiambia simu kwamba anataka kupungua taratibu tu.

"Umejiandikia nini safari hii?" Ahmadi aliuliza, brashi mkononi.

"Wastani."

"Mbona uso umekunjamana?"

"Kwa sababu uliposema nakaa, niliamini."

Ahmadi aliiweka brashi juu ya kopo. "Mimi nilisema ofisini," alijibu taratibu. "Na nilikuwa natania. Wewe nakusikia kila siku ukifungua mlango kwenda kukimbia, mimi najigeuza upande wa pili. Ningekuwa na akili ningesema hilo."

"Ungesema ningechagua vizuri."

"Basi nimesema sasa."

Mwanahawa alicheka, ndipo uso ukakunjuka.

Namba mpya haikuwa ya kutisha wala ya sherehe. Ilimruhusu ugali na maharage ya kutosha, yai asubuhi baada ya mbio, na chapati moja isiyohitaji kuombwa radhi. Aliamua pia kwamba hataibadilisha kwa siku moja ya hasira au ya furaha. Ataiacha wiki kadhaa, atazame mzani na miguu, kisha ndipo aamue. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko njaa. Kuna asubuhi mzani haukusogea hata kidogo, na kidole kikamwasha kuteremka ngazi moja. Akajizuia. Kuna siku ya mafunzo magumu alitamani kupanda ngazi moja. Akajizuia tena, ila wiki ambayo Mwalimu Raphael aliongeza mazoezi ya mlima, akala zaidi kidogo bila kujipiga faini. Uzito ukateremka kwa ukaidi. Njia ya Mazimbu ikaanza kufupika.

Mwalimu Raphael alikuja kumtazama mazoezini mwezi mmoja kabla ya mtihani, akasimama na saa yake pembeni ya uwanja, akimpimia muda mpaka mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu," Mwanahawa alimsalimia, akihema.

"Marahaba. Ulikiandikia hicho kidude kwamba wewe ni mwanariadha?"

"Nilikiandikia, kikaninenepesha. Nikabadilisha."

Mzee akakuna kidevu. "Basi mie nilikosea."

"Ulinipa ndizi, Mwalimu. Pale hukukosea."

Siku ya mtihani mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja ulikuwa laini, jambo ambalo hakuna aliyelipenda. Mwanahawa alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote kwenye kundi lake. Mbio fupi alizipita, hakuwa wa kwanza, lakini alizipita. Regina, aliyekuwa mbele yake kwa kasi, alipofika mwisho wa mbio moja alishika paja nyuma, akaruka kwa mguu mmoja, akaketi. Wakamtoa nje amejifunika uso kwa fulana. Mwanahawa alimwona, akataka kumfuata, lakini filimbi ya mizunguko ilikuwa imeshalia.

Mizunguko ya mwanzo ilikuwa miepesi, na hilo alilijua kwa uzoefu kwamba ni mtego, asikurupuke. Akakimbia kwa filimbi, akatembea kwa filimbi. Ya katikati, pale alipotolewa mwaka uliopita, aliipita bila kuitambua mpaka ilipokuwa nyuma yake. Kisha yakaja maumivu: mapaja yakawaka, matope yakashika viatu, binti mmoja mbele akaacha na kutoka pembeni, na mwili ukamwambia afuate. Lakini miguu ilipoagizwa iliitika. Ilikuwa inauma na inaitika. Aliikumbatia tofauti hiyo akaenda nayo, filimbi hadi filimbi, akitazama tu mgongo wa mtu aliyekuwa mbele, mpaka Mwalimu Raphael alipoinua mkono na kupaza sauti kwamba basi, imetosha, wamemaliza.

Aliinama, mikono magotini. Mtu akampiga begani, mwingine akamwita jina. Alipopata pumzi ya kutosha kusimama hakwenda kupiga picha na waliofaulu. Alivuka uwanja hadi upande wa pili alikokuwa Regina, amenyoosha mguu, barafu imefungwa pajani.

"Hongera, dada," Regina alisema, macho mekundu.

"Asante." Mwanahawa akakaa naye kwenye majani yenye maji, bukta ikalowa, hakujali. "Msuli unapona. Mwakani unakuja."

"Watu wote husema hivyo."

"Mimi nitakuwa nakugongea mlango asubuhi. Utachoka wewe kunisikia."

Regina akacheka huku machozi yanamtoka, akamlalia begani. Walikaa hivyo hadi gari la kumpeleka hospitali lilipofika, na Mwanahawa akamsaidia kupanda, mkono kiunoni, mguu kwa mguu.

Wiki tatu baadaye alipangiwa mechi yake ya kwanza ya ligi, Dumila. Ahmadi alifunga karakana akaja na Swaumu, wakakaa upande wenye kivuli, mtoto akila mahindi ya kuchoma yaliyonunuliwa barabarani. Uwanja ulikuwa umezungukwa na watu, malori ya Dodoma yakinguruma kule mbali. Mwanahawa aliwaita manahodha katikati, akarusha shilingi juu, akawaambia anachokitaka na asichokitaka. Mmoja wao alimtazama juu hadi chini, akampa mkono. Kila timu ikaenda kwenye nafasi yake. Akatazama saa, akawatazama wasaidizi wake wawili pembeni, nao wakainua vibendera kwamba wako tayari. Mpira ulikuwa katikati, umetulia.

Akapuliza, na mchezo ulipokwenda, akaenda nao.